Mlango wa Pili wa Nyumba ya Wageni

Anayepita katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja hujifunza kusoma milango kabla ya kujua majina ya mitaa. Minyororo, samaki, mawaridi na maandishi yaliyochongwa juu ya kizingiti humpa mgeni habari za mwenye nyumba: dini yake, uwezo wake, pengine hata bahari alizozivuka, na habari hizo humfikia kabla mkono haujagusa mbao. Nje ya mlango pana baraza, ambapo asiyepaswa kuingia ndani hukalishwa, akapewa kahawa na kusikilizwa haja yake. Kila aliyemwagiza fundi amchongee mlango wa namna hiyo alikuwa na mtu fulani moyoni aliyemtarajia kuusoma.

Mpanda haina milango ya nakshi, ingawa misitu yake ya miombo ina mninga ambao mafundi wa mbali huutamani. Ni mji wa mwisho wa reli. Tawi la kilomita zipatazo 210, linaloachana na Reli ya Kati pale Kaliua, lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi. Machimbo yakafungwa, reli ikabaki ikichukua watu, mahindi na asali. Kwa muda mrefu mji ulikuwa makao ya wilaya tu katika Mkoa wa Rukwa, na mwenye haja kubwa ya kiserikali alilazimika kwenda Sumbawanga. Mwaka 2012 ulipoundwa Mkoa wa Katavi, Mpanda ikawa makao makuu yake.

Katika mji huo pana nyumba moja ya wageni yenye vyumba kumi na viwili vinavyozunguka ua wenye mwembe. Aliyeijenga alikuwa mtumishi wa reli, na matofali yake yalilipwa kwa kiinua mgongo. Nyumba hiyo ina milango miwili. Wa kwanza ni lango la chuma linaloelekea barabarani. Wa pili ni tovuti, na mlango huu wa pili ndio uliokuja kuleta mzozo, kilio kidogo, na kicheko kingi, mwaka 2023, miaka sita baada ya mwenye kuuagiza kuiaga dunia.

Aliuagiza mwaka 2009, na sababu zake hazikuwa za kipuuzi. Mwezi Julai wa mwaka huo waya wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulifika Dar es Salaam, na redio zikatangaza kwamba intaneti ya Tanzania, ambayo hapo kabla ilitegemea zaidi setilaiti, sasa itakuwa ya kasi na ya bei nafuu. Mzee yule alisikiliza, kisha akafanya hesabu. Takriban kilomita 35 kutoka Mpanda, pale Sitalike, huanza Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na kupanuliwa baadaye hata ikafikia kilomita za mraba 4,471. Kiangazi Mto Katuma unapokauka, viboko kwa mamia hubanana katika madimbwi machache ya tope yaliyosalia, wakikanyagana na kugombana. Ni mandhari ambayo ni nadra kuonekana kwingineko duniani. Basi, akasema, watakaotaka kuwaona viboko watahitaji kitanda, na kitanda kipo.

Kosa la hesabu hiyo lilikuwa moja tu. Watalii wengi wa Katavi walifika kwa ndege ndogo zilizotua ndani ya hifadhi yenyewe, wakalala katika mahema ya kifahari humo humo, na wakaruka kurudi walikotoka bila ya kuiona Mpanda hata kwa mbali. Mzee alikuwa amejenga mlango ulioelekea angani.

Na ulikuwa mlango wa fahari. Kijana mmoja wa Dar es Salaam aliyelipwa kuutengeneza aliweka picha ya tembo watatu wakipita chini ya mlima wenye theluji, picha ya namna inayopigwa Amboseli, nchini Kenya, Kilimanjaro ukiwa nyuma. Kutoka mlima huo mpaka Mpanda kuna nchi nzima ya kuvuka. Juu ya tembo aliweka picha ya kiboko anayefunua kinywa, na kila akifunua, maneno ya kukaribisha yalitoka. Maelezo yote yalikuwa ya Kiingereza, kurasa nane kamili, na mzee aliyaandika mwenyewe kwa mkono kabla ya kuyakabidhi: Kiingereza cha barua za ofisini, chenye heshima nyingi na nukta chache. Mkewe hakusoma Kiingereza. Alijua tu kwamba nyumba yao imo katika kompyuta, na hilo lilitosha.

Mzee alifariki mwaka 2017. Kila mwaka baada ya hapo mjane alilipa ada ya anwani ya tovuti kwa simu, kama mtu anayepalilia kaburi, bila ya kuifungua hata mara moja, kwa kuwa simu aliyokuwa nayo ilikuwa ya vitufe. Siku alipopata simu janja, mjukuu wake alimfungulia. Pale palipokuwa na kiboko pakatokea mraba mtupu wa kijivu. Kando ya anwani, programu ya kufungulia kurasa iliandika kwamba mahali hapo si salama.

“Nani amesema nyumba yangu si salama?” aliuliza, na mjukuu hakuwa na jibu.

Majibu yalikuwepo, na wala hayakuwa na uhusiano wowote na Mpanda. Kiboko alikuwa ameundwa kwa programu iitwayo Flash, ambayo miaka ile ya 2000 ilitumika karibu kila palipotakiwa picha itembee; kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na viboko, nembo na vinyago vya dunia nzima vikageuka miraba mitupu. Neno la “si salama” lilianza kubandikwa na Chrome mwezi Julai 2018 kwa kila tovuti isiyofunga mawasiliano yake kwa njia ya siri. Lakini mjane hakusoma habari hizo. Alichokisoma ni kwamba mlango wa mumewe umebandikwa karatasi ya kashfa, na kwamba umekaa hivyo kwa miaka mingi huku yeye akiulipia.

Akampigia simu kijana wa shemeji yake, aliyesomea mambo ya kompyuta Dodoma. Kijana alikuja kwa basi kupitia Sikonge, katika barabara ambayo zamani wakati wa masika watu waliilala njiani na leo ni ya lami. Aliamkia, akala, na jioni ile ile akafungua kompyuta yake kumwonyesha mama yake mkubwa kiolezo alichokwisha kukiandaa. Juu palikuwa na maneno manne ya kubonyeza: Nyumbani, Kuhusu Sisi, Huduma Zetu, Wasiliana Nasi.

“Nyumbani kwa nani?” aliuliza mama.

“Ni ukurasa wa mwanzo tu, mama mkubwa. Ndivyo tovuti zote zinavyoandikwa.”

“Mwanangu, mtu anayelala hapa ameacha nyumbani kwake. Akibonyeza hapo atafika wapi?”

Kijana alicheka, lakini swali halikuwa la kuchekesha. Maneno hayo manne yamehamishwa mzobemzobe kutoka Kiingereza, na yamerudiwa katika tovuti nyingi za Kiswahili hata yakaonekana kuwa ni Kiswahili. Lugha hii ina namna zake za kale za kumpokea mtu anayekuja kutoka nje, na ajabu ni kwamba zote zilisahauliwa siku ya kwanza ya kazi. Baada ya majadiliano, ukurasa wa mwanzo ukaitwa Mlangoni, na pale pa kuwasiliana pakaandikwa Piga Hodi. Huduma Zetu ikawa Vyumba na Bei. Kuhusu Sisi ikafutwa kabisa, mama akisema kwamba aliyechoka kwa safari hana haja ya kusimuliwa ukoo.

Jambo la bei halikupita kirahisi hivyo, na litarudi.

Kijana alikuwa amefundishwa kwamba anayepanga tovuti huanza kwa kuuliza itatumiwa na nani. Alipouliza, mama hakujibu kwa mdomo. Alileta kitabu cha wageni, lile daftari pana la safu nyingi lililozoeleka katika nyumba za kulala wageni za Tanzania: jina, kabila, kazi, utokako, uendako, sahihi. Wakakaa chini ya mwembe wakalisoma kwa siku mbili. Hakuna kitabu cha elimu ya biashara kinachosema ukweli kama daftari hilo. Walipita humo madereva wa malori, wanunuzi wa mpunga wa bonde la Mpimbwe, walimu wapya wanaokwenda kuripoti vituoni, wachimbaji wadogo wa dhahabu wenye sahihi za herufi kubwa, wakaguzi wa hesabu, maharusi, watu waliokuja kuuguza. Walipita wafanyabiashara wa Katumba na Mishamo, makazi yaliyofunguliwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi. Na kwa baadhi yao safu ya “kazi” ilikuwa imeandikwa “mkimbizi” katika daftari za zamani, na “biashara” katika hizi za baada ya mwaka 2014, walipoanza kupewa hati za uraia. Watalii wa viboko walikuwapo pia, lakini wa kuhesabika kwa vidole.

“Baba yako mkubwa aliwangoja hawa,” mama alisema, akikiweka kidole juu ya jina moja la Kiholanzi, “na hawa wote wakaingia kwa lango la nyuma.”

Kesho yake kijana alikwenda stesheni na tovuti ya zamani katika simu, akamwomba mwendesha bodaboda mmoja aifungue katika simu yake mwenyewe na kutafuta bei ya chumba. Picha ya tembo ilikuwa nzito. Ikashuka polepole, mstari kwa mstari, ikila bando la yule kijana. Alipochoka alimrudishia kiongozi wa jaribio jibu lililokuwa fupi kuliko ripoti yoyote: “Kaka, kwani pale ni hoteli ya Wazungu? Mimi nawapeleka watu kila siku, sikujua.” Kijana akamlipia bando, akarudi nyumbani, na usiku huo akafuta kiolezo chote alichokuja nacho kutoka Dodoma.

Tovuti mpya ikapangwa upya kutokea kwenye simu, na si kutokea kwenye kompyuta. Kiswahili kikatangulia, Kiingereza kikafuata kwa chini. Picha zikawa tatu tu, zilizopigwa hapo hapo: lango, ua, kitanda chenye chandarua. Namba ya simu ikawekwa juu kabisa, ili anayeigusa apige papo hapo. Anwani iliyosomeka “Mkoa wa Rukwa” ikasahihishwa, miaka kumi na moja baada ya Rukwa kuiacha Mpanda. Kwa kuwa mitaa mingi haijulikani kwa majina, njia ya kufika ikaelezwa kama mtu anavyoelekezwa kwa kweli: ukitoka stesheni, uulize nini, uache nini kushoto.

Mvutano mkubwa wa kwanza ulikuwa ni bei. Mama hakutaka ziandikwe. Bei, kwa maoni yake, ni maongezi. Ndipo mwenyeji anapomtazama mgeni usoni, akajua huyu ni mwanafunzi apunguziwe, na huyu ana uwezo ila anapenda kubishana. Bei ikiandikwa, majirani wenye nyumba kama yake wataisoma na kushuka shilingi elfu moja chini yake. Kijana akajibu kwamba anayefika Mpanda saa nane za usiku, na mtoto mgonjwa mgongoni, hataki maongezi. Akikosa kuona bei atadhani ni kubwa, kama alivyodhani yule wa bodaboda. Hapo wote wawili walikuwa na haki, na ni vigumu kusema nani alishinda. Iliandikwa bei moja ya chumba, na chini yake maneno aliyoyatamka mama mwenyewe: “Mwenye shida aseme.” Kijana alionya kwamba kila mtu atasema ana shida. Mama akasema kwamba tangu lini watu wakaacha kusema.

Mvutano wa pili ulikuwa mfupi na haukuwa na mjadala. Kijana alichora nembo nzuri yenye umbo la mkwaju, akikusudia ule mkwaju wa kando ya Ziwa Katavi ambako, kwa itikadi ya wenyeji, hukaa mzimu wa mwindaji Katabi, na ambako watu hadi siku hizi huacha sadaka. Mama, ambaye kwao ni Mpimbwe, aliitazama nembo kwa muda, kisha akasema kwamba mti ule si wa kubandika juu ya bei za vyumba. Nembo ikaondoka. Mahali pake hapakuwekwa kitu, na ukurasa haukupungukiwa.

Ikabaki kazi ya kufuta. Kijana alitaka kuzifuta kurasa nane za marehemu na kufunga hesabu. Lakini alijua anafuta nini, naye alikuwa amepewa jina la mzee yule. Akaomba ruhusa. Mama akamwambia amsomee kwanza, kwa Kiswahili, ajue kinachotupwa.

Wakakaa tena chini ya mwembe. Kurasa za mwanzo zilipita upesi: viboko, tembo, sifa za hali ya hewa, maneno ambayo yangeweza kusemwa kuhusu mahali popote. Ukurasa wa sita ulikuwa wa namna ya kufika, na hapo mwandishi aliacha kuwa mwenye hoteli akawa mtu wa reli. Alieleza behewa lipi ni tulivu, dirisha lipi linafungika, kwamba abiria achukue blanketi maana usiku wa porini ni baridi, na kwamba ikivukwa daraja la Mto Ugalla asilale, atazame nje. Kisha yakaja maneno haya, ambayo kijana aliyafasiri polepole: treni ikichelewa, mgeni asihofu, kwa kuwa mwenyeji wa nyumba hii ni mwanamke asiyelala; taa yake haizimwi mpaka aisikie treni.

Mama akamwomba ayarudie. Miaka ile umeme wa Mpanda ulitoka kwenye majenereta ya dizeli na ulikatika atakavyo, hivyo taa ilikuwa karabai, na aliyekuwa akiipiga pampu kila baada ya muda, akiwa na kanga begani na sikio upande wa reli, ni yeye. Mumewe hakuwahi kumwambia kwamba ameliona jambo hilo, seuze kumshukuru. Alikuwa amemshukuru kwa Kiingereza, mbele ya ulimwengu mzima, katika ukurasa wa sita ambao pengine haukusomwa na mtu.

“Kumbe nilikuwamo humu,” mama alisema. Akafuta machozi kwa upindo wa kanga, kisha akaanza kucheka, maana alikumbuka kwamba usiku mwingine alilala fofofo, na treni ikafika, na aliyeamka kufungua alikuwa mumewe mwenyewe.

Kurasa nane zilichapwa kwenye duka la stesheneri mjini, zikatiwa katika bahasha moja na hati ya kiwanja. Maneno ya taa yakawekwa Mlangoni, kwa Kiswahili, chini ya picha ya lango. Kijana alipendekeza yasahihishwe, kwa kuwa karabai haipo tena na wageni wengi sasa huja kwa basi. Mama akakubali “treni” iwe “safari”. Taa akaikatalia.

Tovuti ikafunguliwa siku ya Ijumaa. Usiku wa Jumamosi simu iligongwa kutoka Sikonge: dereva wa lori, ameona namba, anataka kujua kama lango litapitisha gari lenye tela, kwa sababu mizigo hawezi kuilaza barabarani. Mama hakujua. Akamwambia asubiri asikate, akamwamsha kijana, wakatoka nje kwa tochi na futi ya fundi seremala, mmoja akishika huku na mwenziwe kule. Mita nne na robo. Dereva akasema anakuja. Asubuhi, kabla ya chai, upana wa lango ulikuwa umekwisha kuandikwa Mlangoni, mstari wa pili, chini ya taa.